Macho anafumbua lakini haitiki: mdogo wangu bado yuko kwenye koma?

#1 BintiMtopanga
Salaam wana jukwaa. Wenye ujuzi nijibuni, na ambao yamewapitia tu nijibuni pia.

Mdogo wangu ni wa boda. Aligongwa na gari barabara ya Malindi, karibu na Bombolulu, mwezi sasa unakaribia kwisha. Alifikishwa hospitali hajitambui, akapigwa picha ya kichwa, akapasuliwa kutoa damu iliyovilia, akawekwa ICU na mashine ya kupumulia. Mashine imeshatolewa, anapumua mwenyewe kupitia tundu la shingoni. Na tangu wiki iliyopita anafumbua macho asubuhi, usiku anayafumba.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mamangu yuwasema kijana kaamka na anamjua. Daktari asema hajaamka, yale ni macho tu. Ami yangu asema hili si la ubongo, kuna kitu kimemkalia, maana jioni hutokwa na jasho chapachapa, mikono ikakakamaa na moyo ukaenda mbio, kisha hutulia. Binamu aliyeko Nairobi asema tujiandae kukubali. Mimi nikimpa mkono hunibana vidole.

Je, huyu yuko kwenye koma au hayuko? Na ni nini kinachosaidia kweli, mbali na kungoja?

#2 Msimamizi
Pole sana. Ombi kwa wote: jina la hospitali au daktari yeyote lisitajwe humu, wala picha ya mgonjwa isiwekwe.

#3 Pwani_Raha
Allah amponye. Huyo kaamka. Mtu akifumbua macho koma imekwisha, mbona liko wazi.

#4 SistaZamuYaUsiku
Pole dadangu. Mimi ni muuguzi wa ICU na swali hili naulizwa na jamaa wa wagonjwa kila mara, kwa hivyo nitaandika kwa kirefu.

#3, nusu ya neno lako ni sawa. Koma kwa lugha ya wodini ni mtu asiyefumbua macho kabisa, hata ukimfinya. Hana usiku wala mchana. Hali hiyo haidumu miaka kama watu wanavyodhani. Kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne mtu huwa ama amefariki ama amefumbua macho. Kwa hiyo koma yenyewe mdogo wako ameshaitoka. Swali ni ameingia wapi.

Kufumbua macho asubuhi na kuyafumba usiku ni kazi ya shina la ubongo, huku chini karibu na shingo. Kumjua mama ni kazi ya juu. Shina laweza kurudi kazini na huko juu kukawa bado kimya. Mtu wa namna hii yuko macho lakini hajui kinachomzunguka. Bryan Jennett na Fred Plum walieleza hali hii mwaka 1972. Ndiyo daktari wenu anayoisema.

Lakini kuna hali nyingine, iliyowekewa vigezo vyake mwaka 2002, nayo ni fahamu finyu. Huyu anajua, ila kidogo na kwa kukatikakatika. Asubuhi anakufuata kwa macho, adhuhuri hana habari nawe, jioni anajaribu kunyanyua kidole. Ni rahisi mno kumkosa kwa sababu raundi ya daktari ni fupi na huenda ikamkuta saa ambayo amezima. Mwaka 2009 watafiti nchini Ubelgiji waliwapima upya kwa makini wagonjwa 44 walioandikwa kwamba hawana fahamu hata chembe, wakakuta 18 wanazo. Kwa hivyo mama yako asinyamazishwe. Na daktari asitukanwe vilevile, kwa sababu mama naye huona anachokitamani.

Sasa huo mkono. Kubana vidole hakuthibitishi kitu. Hata mtoto mchanga ukimwekea kidole kiganjani hukibana. Wewe mwache abane, kisha mwambie "achia". Au mwambie anyanyue dole gumba, jambo ambalo mwili haulifanyi wenyewe. Mpe nafasi, hesabu polepole hadi kumi kabla ya kurudia, maana ubongo ulioumia huchelewa. Halafu mchukulie kioo cha mkono. Mwekee mbele ya uso wake, kisogeze taratibu kushoto na kulia. Watu hufuata uso wao wenyewe kabla ya kufuata kalamu au tochi. Macho yakisafiri na kioo, tena na tena, hiyo ni habari kubwa, na mwite daktari aone kwa macho yake.

#5 MjuajiWaMakupa
Mbona hamjaulizia namba? Kuna kipimo cha fahamu cha Glasgow, 0 hadi 15. Chini ya 8 ni koma. Dada, namba yake ilikuwa ngapi?

#6 SistaZamuYaUsiku
#5, sifuri haipo. Cha chini kabisa ni 3, hata kwa asiyeitika lolote: macho 1 hadi 4, maneno 1 hadi 5, viungo 1 hadi 6. Na jeraha kali la kichwa ni 8 kushuka, 8 yenyewe ikiwemo. Graham Teasdale na Jennett huyohuyo walikitoa mwaka 1974 kule Glasgow ili muuguzi wa zamu hii na wa zamu ijayo waelewane.

Kipimo hicho ni cha siku za mwanzo. Mtu mwenye tundu la shingoni hawezi kutoa sauti, sasa alama za maneno utampaje? Huku alikofika kijana kipimo chake ni CRS-R, alama 0 hadi 23. Kinaangalia kusikia, kuona, viungo, mdomo, mawasiliano na uchangamfu. Nacho hakipimwi mara moja mkamaliza. Inatakiwa angalau mara tano ndani ya wiki mbili, kwa saa tofauti, mgonjwa akiwa ameketishwa. Dada, kaulizie hicho kwa jina.

#7 Mbongo_wa_MwembeTayari
Sista naye akianza hamalizi hadi kahawa ipoe. Endelea tu mama, tuko hapa.

#8 Mzee_wa_Bondeni
Wanangu, haya ya alama nayasikia na siyapingi. Lakini huyo ami msimcheke. Nimeishi na watu walioanguka kutoka darini, walioangukiwa na nazi, waliopigwa na foromali baharini. Wako walioamka dawa zikiwa zimeshindwa, baada ya kusomewa. Jasho la magharibi na mikono kukakamaa, sisi wazee twaijua. Mtu akiumia nafsi hulegea, na kilicho nje hupata mlango.

#9 UstadhKuze
Shikamoo mzee wangu. Kumsomea mgonjwa hakuna anayekataza, na wodi nyingi huruhusu ukiwa na adabu ya sauti. Nataka kugusa jambo moja tu, nalo ni zito. Msimnyweshe kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, kwa mdomo. Nimeona jamaa wakiosha sahani ya zafarani kisha wakimtilia mgonjwa kijiko kidogo kidogo, kwa nia njema kabisa. Asiye na fahamu hajui kumeza. Maji huenda mapafuni na kumletea nimonia. Someni, pulizeni, mpakeni mkononi. Kinywani hapana, hata zamzam.

#10 SistaZamuYaUsiku
Jazakallah ustadh. Hilo peke yake laweza kuokoa mtu. Na si kombe tu. Uji, chai, juisi ya ukwaju, vyote nimeshavikuta vikiingizwa kwa siri saa za kutembelea wagonjwa.

#11 MwanafunziWaTiba
Kuhusu jasho la jioni, naona kuna zaidi ya jibu moja. La kwanza ni homa ya kweli: mkojo, kifua, kidonda, na kwetu hapa malaria pia. La pili ni kifafa. La tatu ni hali ambayo mishipa ya fahamu inayoendesha moyo, jasho na presha hukosa breki kutoka juu, basi mgonjwa akigeuzwa kitandani au akisafishwa koo mwili mzima hulipuka: joto, jasho, moyo mbio, mikono kukakamaa, dakika kadhaa au hata zaidi, kisha kimya. Hutokea sana kwa vijana walioumia vibaya kichwani, na dawa kama propranolo husaidia.

Kuna kifafa kingine kisichotikisa kiungo. Mtu amelala tu, kumbe ubongo unawaka ndani. Hicho hakionekani mpaka apimwe umeme wa ubongo, EEG. Kikipatikana kinatibika, na wengine huamka kwa hilo tu.

#12 Mzee_wa_Bondeni
Na hiyo breki iliyokatika, imekatwa na nini saa ya magharibi tu na asubuhi isikatike?

#13 MwanafunziWaTiba
Shikamoo mzee. Huenda ndiyo saa ya kumgeuza na kumsafisha, au saa ambayo jamaa wamejaa kitandani. Dada aandike saa na kilichofanyika kabla yake, tutajua.

#14 BodaSteji_Kongowea
Pole sana dada, huyo ni mwenzetu. Mmoja wa steji yetu alipata hivyohivyo. Mwambie daktari ampige sindano za steroidi, zile za kupunguza uvimbe. Ubongo ukivimba ndiyo haamki.

#15 SistaZamuYaUsiku
#14, hapana ndugu yangu, hapo nakukatiza. Zamani zilitolewa kwa mawazo hayohayo. Kisha ukaja utafiti wa CRASH, matokeo yakatoka 2004, majeruhi wa kichwa zaidi ya 10,000 kutoka nchi nyingi. Waliopewa steroidi walikufa wengi zaidi ya wasiopewa. Uvimbe wa jeraha hutibiwa kwa njia nyingine: kichwa kuinuliwa nyuzi kama 30, manitoli au maji ya chumvi kali kwenye mshipa, presha na oksijeni visishuke, na ikishindikana kuondoa kipande cha fuvu. Hayo ni ya siku za kwanza. Mwezi ukifika, uvimbe mara nyingi si tena sababu.

#16 BodaSteji_Kongowea
Nimekusikia. Basi sababu ni nini?

#17 FizioWaTudor
Kwa wengi wa boda ni mtikiso. Ajali ya kasi huusukasuka ubongo ndani ya fuvu kama nyama ya dafu, na nyuzi ndefu zinazounganisha huku na huku zinakatika kila mahali. Damu iliyovilia utaitoa kwa upasuaji, nyuzi hazishonwi. Picha ya CT yaweza kuonekana safi na mtu haamki, watu wakadhani wanafichwa kitu. MRI huonyesha zaidi.

Ila sitaki tulifanye hilo kuwa jibu la wote, kwa sababu likishasemwa hakuna anayetafuta tena. Nawaona wakija kwetu wamebandikwa "nyuzi zimekatika" na kumbe anamezeshwa dawa ya kifafa na ya usingizi asubuhi na jioni tangu siku ya ajali, na hakuna aliyeuliza kama bado zahitajika.

#18 MwanaKaloleni
Nami niseme langu. Mjomba wangu ni mgema, aliteleza juu ya mnazi. Alikaa muda mrefu macho wazi, haitiki. Kila aliyekuja alimwambia kwa Kiswahili cha haraka, au Kiingereza: fumba macho, toa ulimi. Hakuna kitu. Mjomba Kiswahili anakijua cha sokoni tu, na sikio moja lilikuwa zito tangu zamani. Siku mke wake aliporuhusiwa kukaa naye asubuhi akamwambia kwa Kigiriama, upande wa sikio zuri, atoe ulimi. Akautoa. Akaambiwa tena, akautoa tena. Daktari aliitwa, akamwomba mama aseme yeye huku mwenyewe akitazama, na karatasi ikaandikwa upya siku ileile. Leo anatembea kwa fimbo, kumbukumbu si nzuri, hasira nyingi. Lakini anasimulia.

Kwa hivyo dada, mdogo wako nyumbani alikuwa akisema lugha gani?

#19 Sauti_ya_Likoni
#18 umenitoa machozi. Hili liandikwe kwenye ukuta wa kila wodi.

#20 BintiMtopanga
Ahsanteni sana nyote. Nimesoma yote na mama nimemsomea.

Lugha si shida, sisi ni Kiswahili tupu. Kioo tumejaribu. Asubuhi macho yalikwenda nacho vizuri, mchana hayakwenda kabisa. "Achia" ameachia mara chache, lakini nyingine ameng'ang'ania. Dole gumba bado. Muuguzi aliona lile la kioo akaliandika.

Jasho: kwa kweli huja baada ya kugeuzwa na kusafishwa shingo, ila siku moja lilikuja peke yake. Ami amesema hiyo siku moja ndiyo ya kuangaliwa.

Dawa: yuko kwenye fenitoini, ile ya kifafa, tangu mwanzo, na kuna nyingine ya usiku sijui ni ya nini. Picha ya pili ilipigwa, tukaambiwa "vyumba vya maji vimepanuka kidogo". Hakuna aliyetueleza zaidi. Na mfupa wa fuvu uliotolewa upande wa kulia bado haujarudishwa, ngozi imebonyea.

#21 MwanafunziWaTiba
Subhanallah, hapo una mambo matatu ya kuuliza.

Vyumba vya maji kupanuka: baada ya jeraha na damu, maji ya ubongo yaweza kukosa njia ya kunyonywa, yakajaa taratibu. Mgonjwa aliyekuwa anapanda hukwama au hurudi nyuma. Hutibiwa kwa mrija unaopeleka maji tumboni, na kuna watu huamka baada yake. Lakini vyumba hupanuka pia kwa sababu ubongo wenyewe umenywea, na hapo mrija hausaidii. Kutofautisha ndiyo kazi ya daktari wa upasuaji wa ubongo.

Ngozi kubonyea: kwa baadhi ya watu, hewa ya nje hukandamiza ubongo pale pasipo na mfupa, na mfupa ukirudishwa huchangamka.

Fenitoini: huzuia kifafa cha wiki ya kwanza baada ya jeraha. Kama hajawahi kushikwa na kifafa, uliza kwa nini inaendelea.

#22 MjuajiWaMakupa
Kwangu mimi ni maji. Maji tu. Jirani yetu Mikindani ilikuwa hivyo, akawekewa mrija akaamka akaomba chai.

#23 FizioWaTudor
Na kwangu ni dawa kwanza. Mrija ni upasuaji, una hatari ya kuziba na kuingiwa na wadudu. Kupunguza dawa ya usingizi hakuhitaji kisu.

#24 Mbongo_wa_MwembeTayari
Mmoja maji, mmoja dawa, mzee jini, mwanafunzi umeme. Tukimaliza kumtibu kijana tumtibu na uzi.

#25 SistaZamuYaUsiku
Acheni kila mtu ashike lake, lakini kabla ya yote hayo ipimwe damu. Sodiamu iliyoshuka humlaza mtu. Homoni za tezi ya chini ya ubongo huharibika kwa jeraha, nazo humlaza mtu. Kifua kichafu, mkojo mchafu, vyote hivyo.

#26 Nahodha_Mstaafu
Nilisoma kuna dawa ya usingizi inayowaamsha walio kwenye koma. Mambo ya Mungu hayo. Kwa nini asipewe?

#27 MwanafunziWaTiba
Ni zolpidemu. Madaktari wa Afrika Kusini waliandika mwaka 2000 kuhusu mgonjwa aliyechangamka akiimeza, na ikitoka mwilini hurudi alivyokuwa. Ni kweli. Lakini ilipojaribiwa kwa watu wengi, walioitika walikuwa kama mmoja kati ya ishirini.

Yenye ushahidi imara zaidi ni amantadini, dawa ya zamani ya mafua na kutetemeka. Matokeo ya mwaka 2012: wagonjwa 184, wiki 4 hadi 16 tangu kuumia, wengine wakapewa dawa na wengine kidonge kitupu. Waliopewa dawa walipanda upesi zaidi. Ilipokatwa baada ya wiki nne, kasi yao ikapungua. Kwa hivyo inasukuma, haiponyi. Na kwa mwenye historia ya kifafa au figo mbovu inataka uangalifu, dada usiinunue dukani mkampa wenyewe.

#28 Pwani_Raha
Schumacher je, yule dereva wa Formula 1? Na mapesa yale. Alilala miezi akaamka mwenyewe.

#29 SistaZamuYaUsiku
Schumacher alianguka kwenye theluji Desemba 29, 2013, na usingizi wake wa mwanzo ulikuwa wa kutiwa kwa dawa kwa makusudi, ili ubongo upumzike. Juni 2014 ikatangazwa kwamba hayuko tena kwenye koma. Usingizi wa dawa na koma ya jeraha ni vitu viwili, ingawa mtu aweza kuwa na vyote.

Ukitaka mfano wa kungoja, mtazame Terry Wallis wa Arkansas, Marekani. Ajali mwaka 1984, akaanza kusema mwaka 2003, na neno lake la kwanza lilikuwa la kumwita mama. Siuleti ili watu wangoje miaka kumi na tisa. Nauleta kwa ajili ya yule binamu wa Nairobi.

#30 Binamu_Nairobi2
Mimi ndiye binamu, nimetumiwa uzi. Sijasema aachwe. Nimesema tujiandae. Mchango umekusanywa mara mbili, shamba la Mtwapa lishazungumziwa kuuzwa, na shangazi halali. Nani ataniambia uwezekano wake ni upi badala ya kuniambia subira?

#31 SistaZamuYaUsiku
Swali lako ni la haki na nitalijibu kwa ninachokijua. Mwaka 1994 jopo la madaktari Marekani lilikusanya watu wazima 434 ambao mwezi mmoja baada ya kuumia kichwa walikuwa macho wazi bila fahamu yoyote. Baada ya mwaka, asilimia 52 walikuwa wamepata fahamu. Kupata fahamu si kupona. Wengi wao walibaki na ulemavu mkubwa. Walioingia hali hiyo kwa kukosa oksijeni, mathalan kuzama au moyo kusimama, walikuwa asilimia 15 hivi. Na huyu wetu akiwa kweli anafuata kioo, yuko ngazi ya juu kuliko hao 434 walipoanza.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2018 unasema wazi kwamba ndani ya siku 28 za kwanza familia isiambiwe hakuna matumaini. Nao uliacha kuiita hali hii ya kudumu, hata mwaka ukipita.

#32 Binamu_Nairobi2
Nusu kwa nusu basi. Sawa. Hilo naweza kumweleza baba.

#33 Mzee_wa_Bondeni
Yuwasikia huyo kijana. Mimi ndilo ninalowaambia tangu mwanzo. Msizungumzie kuuza shamba pembeni mwa kitanda.

#34 MwanafunziWaTiba
Na hapa mzee sikupingi hata kidogo. Mwaka 2006 huko Cambridge, mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kwenye ajali ya barabarani na kuandikwa hana fahamu aliwekwa ndani ya mashine ya picha na kuambiwa awaze anacheza tenisi. Ubongo wake ukawaka palepale unapowaka wa mtu mzima wa afya. Na mwaka 2024 vituo kadhaa viliunganisha kazi yao: kati ya watu 241 wasiofuata amri yoyote kwa mwili, 60 waliifuata kwa ubongo. Mmoja kati ya wanne.

#35 Sauti_ya_Likoni
Mmoja kati ya wanne analala pale anasikia kila neno? Ya Rabi.

#36 FizioWaTudor
Si lazima kila neno. Lakini mzungumzieni. Kuna utafiti mdogo wa mwaka 2015, watu 15 tu, waliosikilizishwa sauti za jamaa zao wakisimulia mambo ya familia, mara kadhaa kwa siku kwa wiki sita, nao waliitika vizuri zaidi ya wenzao waliosikilizishwa kimya. Mama arekodi kwenye simu: siku aliponunua pikipiki, Idi ya mwaka gani, nani alimwibia mchumba. Dakika chache, kisha apumzike. Redio kutwa kucha humchosha, mwishowe asiitike mtu.

Na aketishwe. Kuamka kunataka mwili uwe wima. Tuna meza za kumfunga na kumwinua taratibu, lakini hata kiti chenye mito kinafaa, muuguzi akiwepo. Ageuzwe kila saa mbili, ngozi ya kisogo, makalio na visigino iangaliwe. Miguu iwekewe kinga isikakamae ikiwa imenyooka chini. Nimewaona vijana walioamka kichwa kizuri kabisa na wasiweze kusimama kwa sababu kifundo kilishagandamana.

#37 BodaSteji_Kongowea
Jamani steji nzima tumesoma. Kesho tunakuja kurekodi sauti zetu.

#38 Mbongo_wa_MwembeTayari
Na mkitoka hapo helmeti zivaliwe, zisining'inie kwenye usukani mpaka mwone askari Makupa.

#39 BodaSteji_Kongowea
Joto la Mombasa walijua lakini? Na abiria hataki kuvaa ya pili, asema inanuka.

#40 Sauti_ya_Likoni
Ustadh, swali la pembeni. Sala zilizompita zinalipwa? Babangu alikuwa hivyo, nasi tuligombana.

#41 UstadhKuze
Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, sala iliyompita mtu wakati wake wote akiwa hana fahamu haidaiwi. Saumu ya Ramadhani ndiyo inayolipwa akipata nafuu. Wanazuoni wengine wana kauli nyingine, msigombane kwa hilo.

#42 BintiMtopanga
Nimerudi na majibu kidogo. Daktari amekubali kupima damu na kiwango cha fenitoini, na ile dawa ya usiku kumbe ni ya kutuliza, ataipunguza hatua kwa hatua. Kuhusu maji amesema picha irudiwe wiki mbili zijazo, haoni haraka. CRS-R ataifanya mfizio, yule wa mazoezi ya viungo. Amantadini amesema baadaye, baada ya kuona. Na amependekeza twende nyumbani mapema kwa sababu kitanda kinahitajika. Hilo ndilo linalonitisha. Mrija wa kulishia wa puani, tundu la shingoni, sisi tutayaweza?

#43 MjuajiWaMakupa
Wiki mbili ni nyingi kama ni maji.

#44 FizioWaTudor
Kama ni dawa, wiki mbili ndizo hasa zinazotosha kuona. Ukimwekea mrija leo na dawa ukiipunguza leo, akiamka utajua ni lipi?

#45 MwanaKaloleni
Sisi tulichukua mjomba mapema na nusura tumpoteze kwa tundu la shingoni kuziba usiku. Msikubali kutoka mpaka watu wawili wa nyumbani wafundishwe kuisafisha kwa mikono yao wenyewe, mbele ya muuguzi, si kwa maelezo ya mlangoni. Na mashine ya kunyonya makohozi iwe imeshafika nyumbani kabla yake, na jibu la umeme ukikatika.

#46 SistaZamuYaUsiku
Naongeza kwa #45: ulizia kama tundu lenyewe laweza kufungwa kabla ya kutoka. Akiwa anakohoa kwa nguvu na makohozi ni machache, wengine hufungwa. Mrija wa puani ukikaa zaidi ya wiki nne hivi, uliza juu ya ule wa kulishia tumboni. Bima yenu isomeni upya, tangu SHA iingie Oktoba 2024 mahali pa NHIF utaratibu umebadilika, na kuna ofisa wa jamii hospitalini ambaye kazi yake ni kuwaelekeza. Na yeyote atakayemgeuza jioni aangalie saa ya lile jasho. Lile moja la siku ile lililokuja peke yake bado sijalielewa.

#47 Mzee_wa_Bondeni
Mimi nimelielewa. Lakini pimeni damu kwanza.